Kuwa na kesi ya kujibu si kutiwa hatiani

SWALI: Mdogo wangu ameshtakiwa kwa wizi wa pikipiki baada ya kukutwa nayo. Upande wa mashtaka umefunga ushahidi wake, na hakimu ametamka kwamba ana kesi ya kujibu. Ndugu wanasema sasa ni juu yake kuthibitisha kwamba hakuiba, ilhali aliyemuuzia hapatikani. Je, ndivyo sheria ilivyo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, sivyo. Hakimu amesema tu kwamba ushahidi uliopo, usipojibiwa, unaweza kutosha kumtia mdogo wako hatiani. Mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka la msingi unabaki kwa Jamhuri hadi hukumu, kwa kuwa Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Mwaka 1935, katika shauri la Woolmington, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa kumuua mkewe, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilitengua hukumu hiyo kwa sababu baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limeelekezwa kwamba ni juu yake kuthibitisha kuwa risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya. Utetezi wa kichaa ni jambo jingine. Huo mshtakiwa huuthibitisha mwenyewe, ingawa kwa kiwango cha chini.

Hata hivyo, ndugu zako hawajakosea kuwa na hofu. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mlalamikaji akaitambua bila utata, na ikawa ndiyo hasa iliyotajwa katika hati ya mashtaka, mahakama inaweza kudhani kwamba yeye ndiye mwizi, isipokuwa atoe maelezo yanayoweza kuaminika ya namna alivyoipata. Hatakiwi kuthibitisha maelezo hayo. Yakitia shaka la msingi, yanatosha. Ana haki ya kunyamaza, lakini hapa singemshauri aitumie, maana sheria inairuhusu mahakama kuufikiria ukimya huo dhidi yake.

Basi aeleze alinunua lini, wapi na kwa bei gani, na atoe hati ya mauziano au ujumbe wa malipo ya simu, kama upo. Wakili wake alinganishe pia namba ya chesisi iliyo katika hati ya mashtaka na ile ya pikipiki iliyotolewa mahakamani kama kielelezo.