Pembe ya ayala kwa kuku wa mayai: isagwe au iachwe?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mume wangu ni baharia, na safari hii amerudi na pembe ya ayala ya kilo moja kutoka shamba la mifugo New Zealand. Nina kuku 40 wa mayai hapa Kisauni, na maganda ya mayai yamekuwa laini. Jirani ananiambia niisage niwape kwa kuwa ni madini matupu. Ndani yake mna nini hasa?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Usiisage. Jirani hajakosea kuhusu madini, ila hayo siyo yanayohitajika bandani mwako.

Pembe ya mbuzi ni ganda la keratini, kama kucha, lililovikwa juu ya mfupa, wala haidondoki. Hata pofu wa Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, wana pembe za namna hiyo. Ya ayala ni mfupa mtupu, na dume huiotesha na kuidondosha kila mwaka. Huanza ikiwa gegedu, imefunikwa na ngozi yenye malaika laini. Homoni ya kiume inapopanda, madini hujaa, damu hukatika, na ngozi hubambuka.

Pembe iliyokomaa na kukauka ina madini kama asilimia 60, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, yaani protini inayoshikilia mfupa. Kalsiamu ni kama asilimia 22 na fosforasi kama 10. Magnesiamu, sodiamu na zinki ni kidogo tu. Vipimo hutofautiana hata katika pembe moja: shina lina madini mengi kuliko ncha. Nami hili hunivutia sana, kwa sababu ncha huota mwisho, wakati akiba ya mnyama imeshapungua. Chakula peke yake hakimtoshi katika miezi michache ya kuota pembe, hivyo mwili hukopa kalsiamu kwenye mifupa yake wenyewe, hasa mbavu, kisha huirudisha baadaye.

Sasa tupige hesabu. Kuku anayetaga huhitaji kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku, kwa hiyo wako 40 wanataka gramu 160. Ukiitegemea pembe pekee, utasaga zaidi ya gramu 700 kwa siku, na kesho kutwa imekwisha. Pamoja na hiyo kalsiamu utakuwa umewalisha gramu 70 na kitu za fosforasi, ilhali kuku hao hawahitaji hata 20. Fosforasi ikizidi hivyo, ganda huharibika zaidi. Ganda la yai ni kabonati ya kalsiamu, jamaa ya mawe ya matumbawe yaliyochimbwa pale Bamburi kwa saruji, wala si fosfati kama mfupa.

(Atakayeletewa pembe kutoka Marekani au Kanada asiwape mifugo kabisa. Baadhi ya ayala wa huko wana ugonjwa wa ubongo unaoua, na kuchemsha hakuondoi kisababishi chake.)

Kwanza soma mfuko wa chakula. Chakula cha kuku wanaokua kina kalsiamu kama asilimia 1 tu. Cha wanaotaga kinapaswa kuwa na 3.5 hadi 4. Pili, joto letu. Kuku anayehema mdomo wazi hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili huitumia kutengeneza ganda, tena hula kidogo. Fungua banda lipitishe upepo na uwape maji ya baridi.

Kisha nunua makombe ya chaza au chokaa ya mifugo iliyosagwa chengachenga, isiwe unga. Iweke kwenye chombo chake peke yake kuanzia alasiri, maana ganda hujengwa usiku, na chenga hukaa tumboni zikiyeyuka polepole. Kila kuku atajipimia. Chokaa ya kupaka ukuta usiwape, inaunguza.

Wiki mbili zikipita na maganda bado laini, niletee mayai matatu, kiganja cha chakula, na uniambie umri wa kuku.