Kutoka "eti" hadi "kumbe"

Nimerudishiwa sanduku! Jumapili kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kimenichagua tena kuwa mweka hazina, na safari hii hakuna aliyesimama kugombea nami. Vigelegele nilijipigia mwenyewe, wala sioni haya kusema.

Kwa wageni wa hapa: mwaka jana, mgawo wa akiba zetu ukiwa umekaribia, hesabu ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, iligoma. Fedha zilizokuwemo zilikuwa pungufu kuliko zilizoandikwa. Sanduku hulala kwangu, lakini lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu wengine watatu. Hilo halikumzuia mtu. Asubuhi likaingia swali kwenye kundi la WhatsApp: "Eti hela ya mfuko wa jamii haionekani?" Swali la haki kabisa. Mchana ikaja, "Inasemekana mweka hazina anajua zilipo." Jioni mama mmoja ambaye kikaoni hakuwepo akaandika, "Kumbe ndiyo maana kajenga uzio!"

Zisome tena hizo sentensi. Tangu ile ya asubuhi hadi ya jioni hakuna aliyefungua daftari wala aliyeniuliza mimi. Ushahidi haukuongezeka hata chembe, yalipanda maneno tu. Anayesema "eti" anakuambia kasikia, hajashika kitu mkononi. Anayesema "kumbe" anakuambia keshajua. Mimi nilivushwa kutoka huku hadi kule kabla jua halijazama.

Na walimfanyia nani? Mtu aliyeandika habari za mahakamani kwa miaka! Mhariri wangu alikuwa mkali kwa hilo: aliyekamatwa ni mtuhumiwa, akisomewa mashtaka ni mshtakiwa, na hatia ni neno la hakimu, si la mwandishi. Hakuwa akijitungia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Kikoba si mahakama, najua. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na watu walionihukumu humo humo.

Kilichoniuma zaidi ni muhtasari wa kikao. Katibu aliandika "shutuma dhidi ya mweka hazina". Nikamwomba aandike "tuhuma", maana tuhuma ni kumdhania mtu kosa, na shutuma ni kumlaumu kwa kosa ambalo umeshaamua kuwa ni lake. Akacheka, akasema Kiswahili ni kile kile. Mnaona?

Najua wengi mnaonisoma mnautaka uongozi, wa kikundi, wa jumuiya, hata udiwani. Basi nisikilizeni. Mtu akikuletea "inasemekana", muulize nani kasema. Akikuletea "inadaiwa", muulize nani anadai. Akikuambia "kila mtu anajua", mwombe jina la mmoja tu. Maneno haya yana ujanja mmoja: msemaji hayumo, kwa hiyo hakuna wa kumrudia yakigeuka uongo. Na ukiwa wewe ndiye unayesemwa, fanya hivyo hivyo. Uliza nani. Uliza tena.

Watakujibu kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi hiyo methali siipendi hata kidogo. Mwaka 2011 watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ilisemwa kinatibu kisukari, ilisemwa kinatibu UKIMWI. Viongozi walikunywa, wagonjwa walitolewa hospitali, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kufuata kitu ambacho nchi nzima ilikiita "dawa" kabla ya kipimo chochote kuonyesha kwamba kinatibu. Basi lile lililosemwa halikuwepo, na mpaka leo halijaja.

Kesi yangu ilimalizwa na mkaguzi tuliyemwazima kikundi cha jirani. Marejesho ya mwanachama mmoja yaliandikwa mara mbili, kwenye mikopo na kwenye mfuko wa jamii. Daftari linaandikwa na katibu. Sisemi zaidi.

Ukisafishwa, usikubali kusafishwa pembeni. Ulikochafuliwa ndiko usafishiwe, mbele ya waliosoma. Mama wa "kumbe" alinipigia simu usiku. "Dada, unisamehe, tulidhani tu." Nikamwambia nimesamehe, ila hilo "tulidhani" aliandike kundini, kule kule alikouandika uzio wangu. Hajaandika. Vikao anahudhuria, na wiki hii ameomba mkopo.