Wadogo zangu wa tovuti, acheni kuorodhesha simu

Wiki iliyopita nilikagua faili la CSS (msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa) la kijana mmoja ofisini kwetu, nikakuta brekipointi saba, yaani vipimo vya upana wa skrini ambapo mpangilio hubadilika, kila moja ikiwa na jina la simu pembeni yake. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa ugonjwa huo nami uliwahi kunishika. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja.

1. CSS ya msingi iwe ya skrini ndogo. Skrini kubwa iongezewe kwa min-width, yaani kanuni zinazoanza kutumika skrini ikifikia upana fulani.

2. Msikitambue kifaa kwa jina lake. Mwaka 2012 nilipewa kazi na kampuni moja ya mabasi. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alikuwa ameshaeleza tangu Mei 2010 namna gridi ya asilimia, picha zinazonywea na midia kweri (masharti ya CSS yanayouliza upana wa skrini) zinavyoweza kuutosheleza ukurasa mmoja kwa skrini zote, lakini mimi nilijiona mjanja zaidi. Nikatengeneza tovuti mbili, ya kompyuta na ya simu, na katikati nikaweka programu ya PHP kwenye seva, iliyosoma jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo, ikalilinganisha na orodha yangu ya simu. Kila simu mpya ilipoingia sokoni, mwenye nayo alitupwa kwenye tovuti ya kompyuta, akahangaika na herufi ndogo kama sisimizi mpaka nikumbuke kuiongeza.

Kilichoniumbua hasa ni nauli. Zilipopanda, nilirekebisha tovuti ya kompyuta, nikaitazama kwenye kompyuta yangu, nikaenda kulala; ile ya simu haikunijia hata akilini. Asubuhi abiria walifika stendi wakiwa na nauli ya zamani kwenye simu zao, wakata tiketi wakiwa na karatasi ya nauli mpya, na kila upande ukimwona mwenzake tapeli. Niliitwa. Nilisimama dirishani nikimweleza mama mmoja mwenye mizigo mitatu kwamba tovuti zilikuwa mbili, naye akaniuliza kwa upole, “Kwani mwanangu, na mabasi nayo ni mawili?” Tofauti ya nauli ilikatwa kwenye malipo yangu, na sikuwa na la kulalamika.

Orodha ile isingefika mbali hata kama nauli zisingepanda: mwaka 2019, ulipotoka mfumo wa iPadOS 13, kivinjari cha Safari kwenye iPad kilianza kujitambulisha kama kompyuta ya Mac. Ulizeni upana uliopo, na kwa @supports, kanuni nyingine ya CSS, ulizeni kivinjari kinaweza nini.

3. Brekipointi huwekwa pale mpangilio unapovunjika. Punguzeni dirisha taratibu mpaka vitu vianze kubanana. Hapo ndipo pake, hata kama hakuna simu ya upana huo, maana simu za kukunja zinafunguka kwa vipimo ambavyo hakuna aliyevitabiri.

4. Msimzuie mtu kukuza maandishi, na vitufe vitoshe kidole gumba.

5. Jaribuni kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando lenu wenyewe, kwa kuwa kupunguza dirisha la kompyuta hakuwaonyeshi uzito wa picha zenu. Ofisini ipo moja, ya kioo kilichopasuka, ambayo ukurasa wa mwanzo wa kijana wetu uliigandisha mpaka tukaichomoa betri. Iko kwenye droo yangu. Mkiichukua, mrudishe na chaja yake.