Kwenda Maziwe Kusi Inapolegea

Wageni wanaofika Tanga wakiniuliza ni lini waende fungu la Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu lililo mkabala na Ushongo wilayani Pangani, huwajibu kwamba Oktoba inafaa sana, ila tarehe waichague kwa kutazama mwezi wa angani. Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Mara ya kwanza nilikodi boti Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku niliyokuwa na nafasi, tukafika saa nne asubuhi maji yakiwa yamejaa, tukakaa chomboni zaidi ya saa mbili tukingoja mchanga ujitokeze. Yalikuwa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. "Mwanangu, ungeniuliza kwanza," alisema nahodha, mzee mpole ambaye hata hakunicheka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hivyo anayeondoka Ushongo saa mbili hupata muda wa kutosha kabla fungu halijafunikwa alasiri.

Kufunikwa huko si kwa tangu na tangu. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 ikiwa bado na mivinje, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na mchanga ukakosa cha kuushika. Kasa bado hupanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa bara ili yasizame. Kivuli hakuna kabisa. Chukua kofia na maji ya kunywa.

Oktoba bahari hutulia kwa kuwa upepo wa kusi umelegea na ule wa kaskazi haujashika, lakini kinachonirudisha mimi ni ndege. Vitwitwi waliozaliana Siberia huanza kuwasili Agosti, na pamoja nao huja ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Uarabuni. Hawa wametoka safari ndefu na wanahitaji kula, kwa hiyo anayewakimbilia ili wapae apate picha huwapotezea nguvu ambayo hawana. Mwombe nahodha ashushe nanga upande usio na ndege, kisha keti mchangani utulie. Baada ya muda watakusogelea wenyewe wakidonoa. Maji yakianza kujaa hubanana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga, na hapo sisi huwa tumekwisha kupanda chomboni.