Jibu: Uvimbe wa kinena usioonekana kwenye altrasaundi
Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba uvimbe wa kinena hukutokea jioni baada ya kubeba magunia sokoni Kibuye, lakini altrasaundi uliyopigwa hapa Kisumu haikuonyesha ngiri, yaani sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni inayojitokeza kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Kabla ya kulipia picha nyingine, uliza kama ulipimwa ukiwa umelala tu, kwa maana ngiri ndogo hurudi tumboni mtu anapolala. Mahali ninapofanya kazi, humwomba mgonjwa asimame, akohoe na kujikaza huku kifaa kikiwa juu ya kinena. Maumivu yakiendelea bila jibu, MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) huonyesha vizuri zaidi ngiri iliyojificha kuliko CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta). Daktari wa upasuaji akiugusa uvimbe na kuutambua, mara nyingi picha haihitajiki. Uvimbe ukikataa kurudi, ukauma sana, nawe ukaanza kutapika, nenda hospitali saa hiyohiyo.