Reishi si antibiotiki: uliza kipimo kwanza

Kuanzia River Road hadi Eastleigh, jijini Nairobi, uyoga wa reishi unauzwa kama unga, vidonge na pakiti za kahawa, na muuzaji hakosi kukwambia kwamba umethibitishwa kuua bakteria. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inaponza watu.

Maabara huotesha bakteria kwenye sahani, huweka kikaratasi kilicholoweshwa mchujo wa uyoga, kisha hupima duara lililobaki tupu, pasipoota bakteria. Mara nyingi duara hutokea. Shida ni kipimo. Kwa kawaida mchujo huhitaji miligramu kadhaa kwa kila mililita. Antibiotiki nzuri huhitaji mikrogramu, yaani takriban mara elfu chini ya hapo. Tuseme mchujo unaua kwa miligramu 2. Mtu mzima ana damu kama lita 5, kwa hiyo zinatakiwa gramu 10 kwenye damu kwa wakati mmoja: vidonge 20 vya miligramu 500, vyote vivuke utumbo bila kupotea chembe. Havivuki hivyo.

Kuna uyoga uliotoa antibiotiki ya kweli. Antibiotiki hiyo, pleuromutilini, iligunduliwa mwaka 1951. Ikazaa tiamulini ya nguruwe na kuku, kisha lefamulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu nimonia. Hiyo ni molekuli moja, iliyosafishwa na kurekebishwa na wakemia. Sufuria ya jikoni haiitoi.

Mafua ni virusi, antibiotiki haiyagusi. Hapo ukitaka chai ya reishi, kunywa, ila si kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au unakaribia upasuaji, maana damu inaweza kuchelewa kuganda.

Mkojo ukichoma, omba uoteshwe maabara kabla hujameza chochote. Nawa, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati, ufikishe ndani ya saa 2. Majibu huchukua siku 2 au 3 na hutaja dawa inayomuua bakteria wako. Ukitangulia kumeza vidonge vilivyobaki nyumbani, sahani inaweza isiote kitu, na daktari abaki kukisia. Kukiwa na homa na maumivu ya ubavuni, usingoje majibu, nenda leo.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayekohoa, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi.