Ukipangiwa shule yenye kitengo: maneno yangu kwa mwalimu mgeni

Mwalimu mwenzangu, barua ya kupangiwa kituo haisemi kila kitu. Unafika shuleni, unapokelewa vizuri, unapewa vipindi vya Hisabati darasa la tano. Ukiingia darasani unakuta watoto wawili wenye mashine nzito za chuma mezani, mwingine mwenye ualbino ameinama mpaka pua inakaribia daftari, na pembeni kuna binti anayekutazama mdomo bila kupepesa. Ukiuliza ofisini unaambiwa, "Hao ni wa kitengo cha elimu maalumu, usihangaike nao, wana mwalimu wao."

Usilikubali jibu hilo hata kama aliyelitoa ni mkubwa wako kikazi. Mwalimu wa elimu maalumu, labda aliyesomea Patandi kule Arusha, mara nyingi yuko peke yake au wako wawili kwa shule nzima. Kazi yake ni kufundisha lugha ya alama na nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizotuna yanayosomwa kwa vidole, kuandaa zana, na kunukuu maandishi hayo ya watoto kwa wino ili wewe uweze kuyasahihisha. Hisabati ya darasa la tano ni yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma sawa na wenzake, na haki hiyo anaipata au anaikosa ndani ya kipindi chako.

Kama ningeruhusiwa kumwachia mwalimu mgeni jambo moja tu, lingekuwa hili: kabla hujauliza mtoto anaweza nini, uliza somo linamfikia kwa njia gani. Kwa masikio? Kwa vidole? Kwa macho, lakini kwa umbali wa kiganja? Nimeona watoto wengi wakiandikwa "mzito" kwenye ripoti, na ukifuatilia unakuta somo lenyewe halijawahi kuwafikia. Hakuna uzito hapo.

Nianze na wasioona, kwa sababu kwao mabadiliko madogo utayaona matokeo yake ndani ya wiki. Jisikilize unavyofundisha: "Tukichukua hii tukajumlisha na hii, hii inakuja huku, tunapata hii." Mwenye macho anafuata chaki. Asiyeona amepewa "hii" nne na hakuna hata namba moja. Sema, "Tano juu ya nane, jumlisha moja juu ya nne." Taja kila unachoandika ubaoni wakati unakiandika, na ukimwuliza mtoto swali mwite kwa jina, maana kidole chako hakioni. Utagundua jambo la kufurahisha: wale walioko dawati la mwisho, ambao miaka yote walikuwa wanaiga kwa jirani, nao watainuka.

Mashine ya nukta nundu inapiga kelele, na kuna walimu wanaowasogeza wenye mashine nyuma kabisa wasisumbue. Warudishe mbele. Sauti yako ndiyo ubao wao.

Halafu jifunze nukta nundu. Najua una andalio la somo, una zamu, una madaftari mia ya kusahihisha. Jifunze hivyo hivyo. Kila herufi inatoka kwenye nukta sita tu, tatu kushoto na tatu kulia: a ni nukta ya kwanza, b ni ya kwanza na ya pili, c ni ya kwanza na ya nne. Mashine ina vitufe sita vya nukta hizo, vitatu kila upande, na kitufe cha nafasi katikati. Wewe unayeona utaisoma kwa macho, huhitaji vidole vyenye uzoefu. Ukikaa na mtoto wa darasa la nne akakufundisha wakati wa mapumziko, alfabeti utaishika mapema kuliko unavyodhani, na yeye atakuwa amepata heshima ya kumfundisha mwalimu. Kwenye kibao na kalamu ya kutobolea kuna mtego mmoja: unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta zinatokeza upande wa pili wa karatasi. Mtoto anayeanza akichanganya, mvumilie. Anafanya kazi ambayo vichwa vya watu wazima vinaikwepa.

Ubora wa kujua nukta nundu mwenyewe ni kwamba unasoma jibu la mtoto siku ile ile. Yule anayesubiri kunukuliwa anapata alama zake wiki mbili baadaye, wakati mada imeshapita. Hapo ndipo anapoachwa, polepole, bila mtu kutaka aachwe.

Kwa michoro, bandika uzi kwa gundi, au punje za mtama, au toboa mistari kwa msumari kwenye karatasi ngumu iliyowekwa juu ya kipande cha blanketi. Lakini usitangulize mchoro kabla ya kitu. Mchoro wa jani uliotuna haumwambii chochote ambaye hajapitisha vidole kwenye jani. Mpeleke bustanini kwanza, mshikishe mizizi, mshikishe kijiti cha jani na mishipa yake, ndipo umpe mchoro. Vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania; kama havipo shuleni kwako, mwulize mwalimu mkuu ombi lilipelekwa lini halmashauri, na kama halikupelekwa, liandikeni pamoja.

Watoto wenye ualbino huchanganywa na wasioona, na hili linaniuma kila ninapolikuta. Wengi wao wana uoni hafifu. Wanaona. Wanaweza kusoma maandishi ya wino yakiwa makubwa na meusi vizuri, au daftari likiwa karibu na uso. Kumlazimisha mtoto wa namna hiyo asome kwa vidole ni kumnyang'anya macho aliyonayo. Usimkataze kuinamia kitabu. Hakuna dhara linalompata. Akigeuza kichwa upande ili akutazame usimwambie "nyoosha shingo": macho yake yanachezacheza, na pembe ile ndiyo anayoipata picha iliyotulia. Mwanga unamwumiza, kwa hiyo usimkalishe anapotazamana na dirisha, na kofia avae hata darasani. Mruhusu atembee mpaka ubaoni asome, arudi, aende tena. Ikiwezekana mpe nakala ya ulichoandika kabla ya kipindi. Miwani inasaidia kiasi, haimalizi tatizo, hivyo usimlaumu kwamba "ana miwani na bado haoni."

Na jua. Gwaride la asubuhi, shamba la shule, kufyeka, michezo ya saa nane: haya yote yanamchoma ngozi, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake. Mikono mirefu, kofia pana, kazi za kivulini. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi; ulizia kliniki za ngozi na vyama vya watu wenye ualbino jinsi ya kuyapata. Wenzake wakilalamika kwamba anapendelewa, waeleze sababu. Watoto wakielezwa sababu wanaelewa haraka kuliko walimu wengi.

Sasa viziwi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona vipaji vingi vikipotea.

Viziwi wengi mno wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama. Mtoto anakua na ishara chache za kuonyesha chakula, maji, choo, njoo. Anafika darasa la kwanza akiwa na miaka saba, nane, wakati mwingine kumi, na hana lugha yoyote iliyokamilika. Mwenzake anayesikia ameingia shuleni na maelfu ya maneno kichwani. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha yanavyoandikwa. Kwa kiziwi huyu lazima uanze na lugha yenyewe, na lugha hiyo ni ya alama. Mweke karibu na viziwi wakubwa, wanafunzi na watu wazima. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu wanaoijua lugha hii kutoka ndani; watafute walio karibu nawe.

Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na Kiswahili cha maandishi kwa kiziwi ni lugha ya pili. Hebu tazama tunachomtaka afanye. "Hatukuwapikia" ni neno moja, lakini ndani yake kuna nani hakufanya, lini, kitendo gani, na kwa ajili ya nani. "Juma alimpiga Asha" na "Juma alipigwa na Asha": mabadiliko ni madogo, aliyeumia ni mwingine kabisa. Anayesikia amemeza haya yote kwa masikio kabla hajajua kufunga viatu. Kiziwi anayajenga kipande kwa kipande kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo ukisahihisha insha yake ukakuta "mama soko kwenda mimi nunua kiatu", usichore msalaba mwekundu ukaendelea na daftari jingine. Mawazo yamo na mpangilio umo. Mpe alama za mawazo, kisha mwandikie chini sentensi ile ile ilivyo katika Kiswahili, na utumie picha na vitendo kumwonyesha viambishi vinabeba nini. Mfundishe viambishi waziwazi, kama tunavyofundishwa sisi lugha ya kigeni.

Zoezi la imla kwake halina maana. Badala yake fanya alama au onyesha picha, aandike neno. Na mambo haya ya kila kipindi yashike: usiongee ukiwa umegeukia ubao, usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, maana uso wako utakuwa giza; usifanye alama huku umeshika kitabu mkononi; ukiwapa kitu cha kusoma, acha wasome, ndipo uendelee, kwa maana macho hayawezi kuwa kwenye kitabu na kwako kwa wakati mmoja. Wapange nusu duara ili waonane. Akijibu mtoto wa nyuma, rudia jibu lake kwa alama, la sivyo nusu ya darasa haijui kilichosemwa.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, gawa kazi vipande vidogo kuliko unavyoona inafaa, kisha ugawe tena. Kufunga kifungo cha shati, kwa mfano, fanya wewe hatua zote na umwachie ile ya mwisho tu, kukivuta kitokeze. Akiiweza, mwachie mbili za mwisho. Kila mara anamaliza kazi yeye mwenyewe. Hesabu za fedha zifundishie kwenye genge la kweli, kwa sarafu za kweli. Kwa mwenye usonji (autism), ratiba isiyobadilikabadilika ni msaada mkubwa, na ikibidi kubadilika mwarifu mapema kwa picha. Kama kengele ya shule ni ringi ya gari inayogongwa kwa chuma, mkalishe mbali nayo, na mdokeze kabla haijagongwa.

Kifafa kitakukuta darasani siku moja. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, legeza kola, tazama saa. Usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Degedege likipita dakika tano, au likirudia kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Mate yake hayaambukizi. Wakiona umemshika kwa mikono yako, watoto watakuamini zaidi ya maneno yoyote.

Kuhusu wanaotumia viti vya magurudumu, kila mtu huuliza habari za njia ya mteremko mlangoni. Wewe uliza choo. Nimewafahamu mabinti wanaokataa kunywa maji tangu asubuhi ili wasihitaji kwenda chooni, kwa kuwa mlango ni mwembamba na hakuna cha kushikilia ndani. Mtoto mwenye kiu na kichwa kinachouma hafundishiki. Bomba la chuma ukutani na mlango uliopanuliwa ni kazi ya fundi mmoja, na kamati ya shule ikielezwa vizuri huwa inasikia.

Wazazi wasikilize kabla ya kuwaelekeza. Mama aliyemlea mtoto huyu peke yake, labda baada ya baba kuondoka, anajua anapochoka, anapoogopa, anavyoomba maji. Mwulize hayo, uyaandike kwenye mpango binafsi wa kumfundishia mtoto huyo. Usimwahidi kwamba mtoto atapona, na usimvunje moyo kwamba hataweza. Mwambie amejifunza nini mwezi huu.

Usiwe mtu wa kuwabandika watoto majina ya ulemavu. Asiyejua kusoma darasa la tatu huenda ana masikio yanayotoka usaha tangu utotoni, au haoni ubao. Angalia nani hutazama wenzake kwanza ndipo anyanyuke, nani hukunja uso akisoma, nani hujibu lisiloulizwa. Ukiona hivyo, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri ili mtoto apelekwe kupimwa.

La mwisho ni mitihani, kwa sababu hapo ndipo uzembe wa mtu mzima unapomgharimu mtoto moja kwa moja. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi yaliyokuzwa, na utaratibu wake unawapa watahiniwa hawa nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa Hisabati wa saa mbili hizo ni dakika 40 nzima. Lakini karatasi sahihi inakuja pale tu mahitaji ya mtoto yalipojazwa sawasawa wakati wa usajili. Kaa na mwalimu wa taaluma siku ya kusajili, mpitie jina kwa jina: huyu nukta nundu, huyu maandishi makubwa, huyu kiziwi. Na katika majaribio yote ya shuleni, kuanzia darasa la nne, mpe nyongeza ile ile ya muda, ili siku yenyewe ikifika awe amezoea kuitumia mpaka dakika ya mwisho.